Usiulize kwanza bei ya kiwanja



Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa katika Mto Rufiji mwaka 2003, safari ya kusini si ile ya kusubiri kivuko. Waamini wanaokaribia kustaafu huchukua likizo, wakatoka Dar es Salaam kwenda kutembea Lindi, Mikindani, Ndanda na Masasi. Hupiga picha penye boma la Wajerumani Mikindani, husali Misa kwa Wabenediktini wa Ndanda, hustaajabia milima ya mawe ya Masasi. Jioni, wakila samaki, mume humwambia mkewe, "Mama, hapa ndipo pa kuzeekea." Kesho yake wanauliza bei ya kiwanja.

Kuhama si dhambi. Abrahamu mwenyewe alihama kwa wito wa Mungu. Lakini Maandiko yanatuonya tusichague kwa macho peke yake. Mwanzo sura ya 13 inasimulia jinsi Loti alivyoachiwa na Abramu achague pa kwenda. Aliinua macho, akaliona bonde la Yordani lenye maji tele, akalichukua. Hakuuliza wanaoishi huko ni watu wa namna gani. Mwisho wake alitoka Sodoma mbio, na mkewe akabaki njiani.

Kusini kwenyewe kuna somo kama hilo. Mwaka 1946 wataalamu wa Kiingereza waliizunguka nchi yetu kwa wiki chache, wakaridhika. Mwaka uliofuata ulianza mradi mkubwa wa karanga, na Nachingwea ikiwa mojawapo ya maeneo yake. Udongo na mvua havikufuata hesabu zao. Mwaka 1951 mradi ulivunjwa, mamilioni ya pauni yakiwa yamepotea. Hata reli iliyojengwa kutoka pwani hadi Nachingwea iling'olewa baadaye.

Tazama sasa Masasi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Kanisa la Anglikana alitoka Zanzibar na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Walikusudia kwenda mbele zaidi, upande wa Ziwa Nyasa, lakini walipofika Masasi waliweka makazi. Hawakuwa na kiinua mgongo. Walijenga na kulima wakiwa wageni kati ya wenyeji. Mwaka 1882 walivamiwa na makazi yao yakaharibiwa, lakini imani haikung'oka Masasi hadi leo.

Tofauti iko wapi? Mtalii huuliza mji utampa nini. Mkazi huulizwa ataupa mji nini.

Kwa hiyo, ndugu mnaofikiria kuhamia kusini, rudini huko mara ya pili, wakati wa mvua, barabara za vumbi zikiwa tope. Hudhurieni jumuiya ndogondogo, si Misa ya Jumapili tu. Pakiwa na msiba, nendeni mkakae mkekani na wafiwa. Pimeni umbali wa hospitali. Na mume amsikilize mkewe kweli, maana mara nyingi ndoto ya kuhama ni ya mmoja, na upweke wa ugenini unamwangukia mwenzake.

Kisha liko jambo zito zaidi. Kabla ya kununua ardhi, mjue anayeuza anauza kwa nini. Mzee anayetoa shamba la mikorosho kwa bei ya kutupa kwa sababu mjukuu amefukuzwa shule, huyo hauzi kwa hiari, amebanwa. Mfalme Ahabu naye aliona shamba la Nabothi liko pazuri kwa bustani yake, na tunajua damu iliyomwagika (1 Fal 21). Lipeni bei ya haki, familia yote ikijua na viongozi wa mtaa wakishuhudia. Utakaaje kwa amani karibu na mtu uliyemnyonya?

Bwana wetu alikaa karibu miaka 30 Nazareti, mji mdogo ambao Nathanaeli aliudharau. Hapo alifanya kazi ya useremala, na majirani walimjua yeye, mama yake na ndugu zake. Ndivyo Mungu alivyochagua kuhamia kwetu.

Basi mkifika kusini, swali la kwanza lisiwe bei ya kiwanja. Ulizeni, "Jirani yetu hapa atakuwa nani, naye anahitaji nini?" Mkipata jibu na bado mnatamani kukaa, hameni na baraka za Mungu.