Injini Mpya ya Minibaiki: Anza na Breki

Anayetaka kubadili injini ya minibaiki kwa kawaida huuliza kwanza injini ipi ina nguvu zaidi. Swali hilo lingepaswa kuja mwisho. Minibaiki ni kipikipiki cha fremu ya mabomba, chenye tairi nene za kimo kidogo, klachi inayoshika yenyewe injini ikichangamka, na cheni moja inayokwenda moja kwa moja gurudumu la nyuma. Giaboksi hakina. Kilivuma Marekani miaka ya 1960 na 1970, mashambani na kambini, kikitumia injini za Briggs & Stratton na Tecumseh za aina iliyofungwa pia kwenye mashine za bustani. Tecumseh iliacha biashara ya injini mwaka 2008, hivyo mwenye minibaiki ya zamani iliyovunja konrodi mara nyingi huona heri atafute injini nyingine kuliko kuhangaika na vipuri. Inayopatikana kirahisi ni Honda GX200 ya cc 196, au mojawapo ya nakala zake za Kichina. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanaijua hata kama hawajawahi kuona minibaiki, kwani ndiyo inayonguruma kwenye pampu za kumwagilia, vaibreta za zege na jenereta ndogo. Hoja yangu ni kwamba injini hiyo ina nguvu ya kutosha tangu inatoka kiwandani. Kinachoamua kama kazi itakuwa nzuri na salama ni breki, klachi na uwiano wa sproketi, na injini ndiyo inayopaswa kuvifuata.

Kabla ya hesabu yoyote, sharti injini iingie mahali pake, na hapa sura hudanganya. Injini mbili zinazofanana kama pacha zinaweza kuwa na shafti tofauti kabisa. Klachi nyingi za minibaiki zimetobolewa kwa shafti iliyonyooka ya inchi 3/4, yaani milimita 19.05. GX200 huuzwa pia ikiwa na shafti ya milimita 20, na tofauti hiyo ya chini ya milimita moja inatosha kuizuia klachi isiingie. Iliyotolewa kwenye pampu mara nyingi ina shafti yenye nyuzi, na ya jenereta huwa na shafti iliyochongoka kuelekea nchani. Kwa hiyo anayenunua injini iliyotumika apeleke kalipa, asitegemee macho. Uangalifu huohuo unahitajika kwenye bolti ya kubana klachi. Shafti ya inchi 3/4 kwa kawaida huchukua bolti ya inchi 5/16 yenye nyuzi 24 kwa inchi, ambayo kwa macho ni sawa na ya milimita 8. Ukilazimisha ya milimita 8, itaingia mizunguko miwili mitatu kisha itakula nyuzi za shafti, na injini mpya itakuwa imeharibika kabla haijawashwa.

Injini ikishakaa, kinachofuata ni msitari wa cheni. Laza rula ndefu ya chuma ubavuni mwa sproketi ya gurudumu, uisogeze hadi ifike kwenye sproketi ya klachi. Inapaswa kugusa meno ya zote mbili bila kuacha upenyo upande wowote. Ikiacha, legeza bolti nne za injini uisogeze kwenye matundu marefu ya bamba inakofungwa, kwa sababu cheni iliyopinda hula meno na hatimaye huruka. Iache ilegee kama milimita 12 katikati. Bamba nalo liwe limelala sawa, kwani injini hii haina pampu ya oili. Kijiko kidogo kilicho chini ya konrodi ndicho kinachorusha oili juu, na kikikosa oili kwa sababu injini imeinamishwa, beringi huungua. Pia injini mpya kwa kawaida husafirishwa bila oili. Lita 0.6 ziingie kabla kamba haijavutwa.

Sasa tuje kwenye kiini cha hoja. GX200 hufikia nguvu yake ya juu ya kuzungusha, nyutoni-mita 12.4, ikiwa kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika. Tuchukue tairi ya kawaida ya minibaiki yenye kipenyo cha sentimita 35.5. Sproketi ya klachi ikiwa na meno 10 na ya gurudumu meno 60, uwiano ni 6 kwa 1, na tairi inasukuma ardhi kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 42. Punguza meno ya nyuma hadi 40 ili upate kasi, na msukumo huo unashuka hadi kilo 28. Mwendeshaji na minibaiki wakiwa na kilo 130, mlima unaopanda mita 1 kwa kila mita 5 unadai zaidi ya kilo 25 kabla ya kuhesabu udongo laini na nguvu inayopotea kwenye cheni. Kwa uwiano wa pili karibu hakuna akiba. Injini haifikii mwendo wa kuifanya klachi ishike barabara, viatu vya klachi vinateleza ndani ya ngoma, na joto linapanda. Ngoma iliyogeuka rangi ya samawati ndiyo ushahidi wake. Fundi anayeiona huilaumu klachi, akafunga nyingine, nayo ikaungua vilevile, kumbe tatizo ni meno 40 ya nyuma.

Upande wa kasi, gavana ya GX200 huizuia injini kwenye mizunguko takriban 3,600. Kwa uwiano wa 6 kwa 1 hiyo ni kilomita 40 kwa saa, na kwa 4 kwa 1 ni kilomita 60. Minibaiki nyingi zina breki moja tu, ya nyuma, na pikipiki inapopunguza mwendo uzito huhamia mbele, hivyo tairi ya nyuma huteleza mapema. Tukadirie kwamba breki hiyo inapunguza kasi kwa mita 3 kwa sekunde katika kila sekunde. Kutoka kilomita 40 utahitaji mita 21 kusimama. Kutoka 60 utahitaji mita 46, na hapo hujahesabu muda wa kushtuka. Kasi imeongezeka kwa nusu, lakini umbali wa kusimama umezidi maradufu. Ndiyo maana nasema uchaguzi wa sproketi ni uchaguzi wa breki.

Wapo watakaojibu kwamba gavana iliwekwa kwa ajili ya pampu na jenereta, hivyo kwenye minibaiki ni mzigo wa bure. Ni kweli kwamba kazi yake ya kila siku ni kushikilia mwendo mmoja mzigo unapobadilika. Lakini kikomo cha 3,600 kinailinda pia konrodi ya aluminiamu na flaiwili ya chuma cha kumimina. Nguvu inayozivuta sehemu hizo zisambaratike hukua kwa mraba wa mwendo: kutoka 3,600 hadi 5,500 inaongezeka zaidi ya mara 2.3. Flaiwili ikipasuka, vipande vyake vinaruka karibu na miguu ya mwendeshaji. Wanaotoa gavana kwa utaratibu hubadili kwanza konrodi, flaiwili na springi za valvu, na gharama hiyo yaweza kukaribia bei ya injini ya nakala. Anayeitoa kwa bisibisi tu ameondoa ulinzi bila kuweka kingine.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni hili: kama breki ndiyo udhaifu, si tufunge breki bora? Nakubaliana nalo, mradi kazi hiyo itangulie. Lakini breki ya diski ya mbele haiingii peke yake. Foku nyingi za minibaiki ni mabomba membamba yasiyo na springi, na breki ya mbele huyapinda kwa nguvu ambayo hayakutengenezewa. Hivyo kwanza foku, kisha breki, ndipo sproketi. Wengine watapendekeza injini ya pikipiki yenye gia. Gia zingetatua kweli shida ya mlima, ila zinaleta uchomeleaji wa fremu na msitari mpya wa cheni, na swali la breki linabaki palepale.

Kwa hiyo, kwa minibaiki ya kawaida yenye breki ya nyuma pekee, ushauri wangu ni GX200 au nakala iliyo nzima, gavana ikiwa mahali pake, na uwiano wa 6 kwa 1. Itapanda mlima, klachi itadumu, na kasi haitauzidi uwezo wa kusimama. Mwaga oili ya kwanza baada ya saa 20 za kazi, kisha kagua bolti za bamba na msitari wa cheni. Anayetaka zaidi ya hapo aanze kutumia fedha zake kwenye foku na breki. Akishazijaribu na kuridhika, kupunguza meno ya sproketi ya nyuma ni kazi ya mchana mmoja.