Dawa ya Kufupisha Maua ya Makopo

Wengi wetu siku hizi tunapanda maua katika makopo na vyungu ili tuyauze. Mnunuzi anataka ua fupi, lililojaa. Ua refu linainama, linavunjika juu ya baiskeli, na mteja analikataa. Ndiyo maana wakulima wakubwa wa maua hutumia dawa ya kufupisha. Hebu tuone inavyofanya kazi.

Ndani ya mmea mna homoni iitwayo jiberelini. Hiyo ndiyo inayorefusha shina. Ilijulikana kwa njia ya ajabu kidogo. Huko Japani palikuwa na ugonjwa wa mpunga ulioitwa "mche mpumbavu", kwa sababu miche ilirefuka ovyo, ikawa myembamba, ikaanguka. Mwaka 1926 mtaalamu Eiichi Kurosawa alionyesha kwamba ukungu ulioushika mpunga hutoa kitu kinachorefusha mimea. Baadaye ikaonekana kuwa mimea yenyewe nayo hutengeneza kitu cha namna hiyo. Basi, dawa ya kufupisha huuzuia mmea usitengeneze jiberelini ya kutosha. Pingili zinakuwa fupi, na majani yanakuwa ya kijani kizito.

Lakini dawa haifupishi shina lililokwisha refuka. Hutiwa mapema, machipukizi yakiwa bado madogo.

Ziko dawa za namna mbalimbali. Daminozidi hunyunyizwa kwenye majani tu, wakati wa ubaridi, na majani hayamwagiwi maji mpaka kesho yake. Mwaka 1989 iliondolewa kwenye mazao ya chakula huko Marekani kwa hofu ya saratani, ikabaki kwa maua. Usiitie kwenye nyanya wala mchicha!

Paklobutrazoli ni kali zaidi. Ikimwagwa kwenye udongo wa kopo, hupimwa kwa miligramu chache tu kwa lita ya maji. Gramu 1 ni miligramu 1,000. Sasa je, mtu anayepima kwa kifuniko cha soda atapata nini? Atapata maua yaliyodumaa, yasiyouzika.

Tena dawa hii hukaa udongoni muda mrefu. Ua likifa, mama anamwaga ule udongo kwenye bustani ya mboga, kisha anashangaa mbona mchicha haukui. Udongo huo umwage mahali pasipolimwa.

Sisi tunaona mkulima mdogo aanze na njia zisizo na gharama. Maua yaliyobanana kivulini hurefuka yakitafuta mwanga. Yape jua, uyatenganishe majani yasigusane. Kata ncha ya mche ukiwa mdogo, utachipua matawi pembeni. Punguza mbolea ya naitrojeni. Hata wenye dawa hufanya haya kwanza.

Ukiona bado unahitaji dawa, mwulize bwana shamba kama imesajiliwa nchini. Soma karatasi iliyo kwenye chupa, neno kwa neno. Usinunue ile iliyomiminwa kwenye chupa ya soda isiyo na maandishi.