Una mashine ya leza? Chila yako umeisafisha lini?

Wadau wa kuchonga vibao, funguo na zawadi kwa leza, leo zamu yenu. Na wewe unayepokea oda mtandaoni kisha unampelekea mwenye mashine, soma pia, maana ikizima ni oda zako zinalala.

Chila ni lile boksi pembeni linalozungusha maji ya baridi kwenye tyubu ya leza. Maji yakipata moto, tyubu inapoteza nguvu, na kwa vile ni ya kioo inaweza kupasuka. Mwaka jana yangu ilianza kushindwa kukata MDF ya milimita 3. Nikapandisha nguvu. Chila ikalia, nikabonyeza kitufe ikanyamaza, nikaendelea. Siku ya tatu tyubu ikapasuka, na nina oda ya vibao 60 vya harusi. Nilirudisha hela za watu, nikakaa wiki tatu nasubiri tyubu nyingine. Fundi alipofungua ubavu wa chila, filta imejaa vumbi la mbao kama blanketi. Kuisafisha ni dakika tano tu jamani!

Sasa kila Jumatatu, kabla hata sijafungua WhatsApp, nazima umeme, nachomoa filta za ubavuni, naziosha, zikikauka narudisha. Nyuma ya filta kuna kondensa, zile bati nyembamba kama za AC ya nje. Hizo pulizia upepo au tumia brashi laini, ukikandamiza zinalala. Ukikata mbao nyingi, usisubiri wiki. Na usiisukumie chila ukutani, inahitaji hewa.

Kwenye maji ndo wengi tunajidanganya. Maji ya kisima na ya bomba yana chumvi, yanaacha ukoko ndani kama wa birika. Weka maji ya distila, yale ya kuongezea kwenye betri, ila hakikisha hujauziwa asidi! Badilisha kila miezi mitatu, au mapema ukiona utelezi wa kijani. Fungua kizibo cha nyuma, inamisha chila yaishe yote, kisha jaza hadi alama ya kijani. Usiwashe ikiwa kavu, pampu itakufa.

Joto nalo usishushe sana. Dar hii yenye unyevu, tyubu ikiwa baridi kupita kiasi inatoka jasho kama chupa ya soda, na pale pana umeme mkali. Mimi naweka 25. Kama yako ni CW-3000, haina kompresa, ni feni tu, haiwezi kushusha maji chini ya joto la chumba. Mchana wa Februari kazi kubwa ziache, fanya usiku.

Alamu ikilia, simamisha kazi. Mwambie fundi aunganishe waya wa alamu na mashine, ili maji yakisimama leza ijizime yenyewe. Nyingi nilizoona zimefungwa bila huo waya. Umeme ukikatika na kurudi, chila ya kompresa ipe dakika tano ndo uwashe. Mambo ya gesi muachie fundi friji.