Sikio Lililo Ndani ya Nyumba



Wahenga walipotuonya kwamba kuta zina masikio, walikuwa na maana ya jirani ategaye sikio nyuma ya dirisha. Siku hizi, katika nchi nyingi za ulimwengu, limeingia sikio la namna nyingine, nalo hununuliwa na mwenye nyumba kwa fedha zake mwenyewe. Yafaa tulielewe sikio hilo, kwa sababu linahusu kazi yetu na nyumba zetu.

Mwezi wa Novemba, 2014, kampuni ya Amazon ya Marekani ilianza kuuza chombo kiitwacho Echo. Kwa umbo kilifanana na kopo refu, na ndani yake mlikuwa na maikrofoni saba. Chombo hicho huitika kwa jina la Alexa. Mtu akilitaja jina hilo, kisha akauliza hali ya hewa, akataka wimbo, ama akaamuru taa izimwe, chombo hujibu kwa sauti ya binadamu na kutenda. Kampuni ya Google ilitoa chombo chake mwaka 2016, na Apple mwaka 2018. Hapana budi tukiri kwamba vyombo hivi vina manufaa. Kipofu na mgonjwa asiyeweza kunyanyuka kitandani wamepata msaada wa kweli.

Je, chombo hufanyaje kazi? Maikrofoni zake husikiliza wakati wote, lakini kazi yake ya kwanza ni kulingoja jina lake tu. Sauti za sekunde chache huwekwa ndani, kisha hufutwa na zile zinazofuata. Chombo kikidhani kimeitwa, taa yake huwaka, na maneno yanayofuata husafirishwa kwa intaneti hadi kwenye kompyuta kubwa za kampuni. Huko ndiko maneno hufasiriwa, na huko ndiko aghalabu huhifadhiwa.

Tatizo limo katika neno hilo “kikidhani”. Mashine hulinganisha sauti, haitambui nia ya msemaji. Mwezi wa Machi, 2018, watu wengi nchini Marekani walishtuka kusikia Alexa ikicheka peke yake, pengine usiku, pasipo kuulizwa neno. Hapakuwa na uchawi. Amazon ilieleza kwamba chombo kilidhani kimeamriwa kucheka, na ikaibadili amri hiyo iwe swali refu zaidi.

Mwezi wa Mei mwaka huo huo palizuka jambo zito zaidi. Mazungumzo ya mume na mke wa mji wa Portland, katika jimbo la Oregon, yalinaswa nyumbani mwao yakapelekwa kwa mtu aliyekuwa katika orodha yao ya simu. Kwa maelezo ya kampuni, chombo kilisikia neno lililofanana na jina lake, kikasikia lingine kikalidhani ni amri ya kupeleka ujumbe, kikauliza upelekwe kwa nani, kikalichukua neno la mazungumzo kuwa ndilo jina, na lingine kuwa ndiyo idhini. Bahati yao, walikuwa wakizungumzia sakafu ya nyumba. Tujiulize ingekuwaje kama wangekuwa wakizungumzia zamu za lindo.

Kadhalika, mwaka 2019 ilidhihirika kwamba wasikilizaji si mashine peke yake. Mwezi wa Aprili vyombo vya habari vilifichua kwamba Amazon ilikuwa na wafanyakazi katika nchi kadhaa, wakisikiliza sehemu ya sauti hizo ili kuifunza mashine. Mwezi wa Julai, shirika la utangazaji la VRT la Ubelgiji lilizipata sauti zaidi ya 1,000 zilizonaswa na vyombo vya Google. Kati ya hizo, 153 zilinaswa bila chombo kuitwa. Apple nayo ilisimamisha usikilizaji wa namna hiyo mwezi wa Agosti na kuomba radhi. Mwaka 2023 Serikali ya Marekani iliidai Amazon dola milioni 25, ikiituhumu kuweka sauti za watoto hata pale wazazi walipotaka zifutwe, nayo kampuni ikakubali kulipa.

Ndugu zetu wa polisi wanalo fungu lao katika habari hii. Mwezi wa Novemba, 2015, mtu mmoja alikutwa amekufa katika nyumba moja ya mji wa Bentonville, jimbo la Arkansas. Polisi walikikuta chombo cha Echo humo, wakazitaka sauti zake kwa hati ya upekuzi. Amazon ilipinga, ikitaja haki zilizomo katika Katiba ya Marekani. Mwezi wa Machi, 2017, mshtakiwa mwenyewe aliridhia sauti zitolewe. Mwishoni mwa mwaka huo mwendesha mashtaka aliomba kesi ifutwe, kwa kuwa ushahidi uliweza kuelezwa kwa njia zaidi ya moja. Funzo ni mawili. Kwanza, sauti iliyohifadhiwa yaweza kutakiwa mahakamani, na mpelelezi mwema huiomba kwa njia ya sheria. Pili, sauti hiyo si muujiza: haichukui nafasi ya upelelezi wa makini.

Yawezekana askari akasema, “Mimi sina chombo hicho nyumbani.” Pengine hana, lakini huenda anayo simu ya kisasa, na simu hizo nyingi zina programu ya namna hiyo hiyo inayongoja kuitwa. Wala hatari si ya sauti tu. Mwezi wa Januari, 2018, ilionekana kwamba ramani ya kampuni ya Strava, iliyochorwa kutokana na vifaa ambavyo watu huvaa wakati wa mazoezi, ilionyesha njia ambazo askari walizikimbia ndani ya kambi nchini Afghanistan na Syria. Hakuna jasusi aliyetumwa. Askari wenyewe walijichora. Mwezi wa Agosti mwaka huo Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilipiga marufuku vifaa vya kuonyesha mahali katika maeneo ya operesheni.

Tufanye nini basi? Kuviogopa vyombo hivi hakutatufaa, na kuvidharau kutatuponza. Aliye na chombo nyumbani akitumie kitufe cha kuzima maikrofoni anapokuwa na mazungumzo ya siri. Afungue mipangilio, azitazame sauti zilizohifadhiwa, azifute. Katika simu, aizuie programu isiyohitaji maikrofoni isiitumie. Lakini asidhani kwamba mipangilio ni ngome. Mwezi wa Machi, 2025, Amazon iliondoa chaguo lililokuwa katika baadhi ya vyombo vyake, ambalo lilizuia sauti isipelekwe kwa kampuni. Aliyelitegemea alikuta limeondoka bila yeye kushauriwa.

Kwa hiyo kinga ya kwanza inabaki ile ile tuliyofundishwa depo tangu siku ya kwanza: habari za kazi huzungumzwa kazini, kwa anayestahili kuzijua, mahali palipokaguliwa. Mke, mume na watoto nao waelezwe sababu, kwa upole, maana kambi hulindwa pia na watu wa nyumbani.