Injini ya mkanda au ya cheni: Ipi inamlipa mfanyabiashara wa Liparamba?

Mfanyabiashara mdogo wa Liparamba anayetafuta gari dogo la kazi hukutana sokoni na Toyota mbili zenye injini zinazokaribiana sana kwa ujazo. Ya kwanza ni Corolla 110 yenye injini ya 5A-FE, ya cc 1,498. Ya pili ni IST yenye injini ya 1NZ-FE, ya cc 1,496. Tofauti ya ujazo ni cc 2 tu, lakini tofauti ya gharama za kuziendesha ni kubwa. Mnunuzi aliyekusanya fedha za msimu mzima wa kahawa, mahindi au dagaa wa Ziwa Nyasa hana mtaji wa kukosea mara mbili.

Kwanza ieleweke kwamba neno "mpya" hapa lina maana ya muundo wa injini, si umri wa gari. Corolla 110 ilitengenezwa Japani kuanzia mwaka 1995 hadi 2000. IST ya kwanza ilitoka mwaka 2002 na kutengenezwa hadi 2007. Zote zimepita miaka 10, hivyo anayeagiza yoyote kati ya hizo kutoka nje huangukia kwenye ushuru wa uchakavu wa asilimia 30. Hiyo ni mbali na ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini za cc 1,001 hadi 2,000, na VAT ya asilimia 18. Anayenunua gari lililokwisha sajiliwa hapa nchini halipi tena kodi hizo za kuingiza, lakini zimo ndani ya bei anayotajiwa.

Kilichobadilika ndani ya injini

Injini ya 5A huzungusha shafti za vali kwa mkanda wa mpira. Mkanda huo hubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi. Ukikatika, gari husimama papo hapo, lakini kwa kawaida vali hazigongani na pistoni. Mwenye gari huweka mkanda mpya na kuendelea na safari. Umeme wa plagi hutoka kwenye koili moja na kugawanywa na distributa kupitia waya nne. Bloku yake ni ya chuma cha kusubu, hivyo silinda zikilika huweza kuchongwa na kuwekewa pistoni kubwa zaidi.

Injini ya 1NZ hutumia cheni badala ya mkanda, na haina distributa kwani kila plagi ina koili yake. Ina pia mfumo wa VVT-i, ambao hutumia shinikizo la oili kuwahisha au kuchelewesha kufunguka kwa vali za kuingiza hewa kulingana na mwendo na mzigo. Hapo ndipo nguvu za ziada na nafuu ya mafuta hupatikana: 5A hutoa nguvu za farasi 100, na 1NZ takriban 110.

Nafuu hiyo ina masharti. Cheni haina tarehe ya kubadilishwa kama mkanda, lakini maisha yake yanategemea oili. Oili ikiachwa hadi ikawa nzito na chafu, cheni hulegea na kuanza kulia, na vijia vyembamba vya VVT-i huziba. Cheni ikiruka meno, vali hugonga pistoni na injini huharibika. Bloku ni ya aluminiamu yenye mikebe myembamba ya chuma, na haikutengenezwa kwa ajili ya kuchongwa. Ikichemsha vibaya au silinda zikilika, mara nyingi mafundi hushauri kutafuta injini nyingine ya mtumba.

Hesabu ya mafuta

Swali la msingi ni gari litatembea kilomita ngapi kwa mwezi. Ichukuliwe kwa mfano kwamba Corolla inatembea kilomita 12 kwa lita, IST kilomita 14, na petroli ni Sh. 3,000 kwa lita. Ichukuliwe pia kwamba IST inauzwa kwa Sh. milioni 3 zaidi ya Corolla.

Gari linalotembea kilomita 2,000 kwa mwezi litatumia lita 167 likiwa Corolla na lita 143 likiwa IST. IST itaokoa takriban Sh. 71,000 kwa mwezi, na ile ziada ya Sh. milioni 3 itarudi baada ya miaka mitatu na nusu. Gari linalotembea kilomita 500 tu litaokoa takriban Sh. 18,000 kwa mwezi. Kwa mwendo huo, ziada hiyo itahitaji miaka 14 kurudi. Magari yenyewe hayana uhakika wa kuishi muda huo.

Mnunuzi aweke bei zake mwenyewe katika hesabu hiyo. Bei kikomo za mafuta hutangazwa na EWURA kila mwezi kwa kila eneo, na mtu wa Mbinga au Nyasa asikadirie kwa bei ya Dar es Salaam, kwani usafirishaji huongeza gharama.

Barabara na fundi

Liparamba ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga hadi ilipoanzishwa Wilaya ya Nyasa mwaka 2012. Iko karibu na mpaka wa Msumbiji, mbali na lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay. Gari likiharibika huko, gharama huanza kabla ya spea kununuliwa: nauli ya fundi, gari la kuvuta, na siku za biashara zinazopotea. Spea isiyopatikana Mbinga hufuatwa Songea, safari ya takriban kilomita 100 kutoka Mbinga.

Katika mazingira hayo 5A ina faida. Hitilafu zake nyingi fundi wa kawaida huzitafuta kwa spana na taa ya kupimia umeme. Kwa 1NZ, koili iliyokufa au sensa iliyoharibika hugunduliwa haraka kwa mashine ya kusomea hitilafu. Pasipo mashine hiyo, fundi hubahatisha, na kila anachobahatisha hulipwa na mwenye gari.

Hata hivyo, imani kwamba 5A huvumilia mafuta yoyote si sahihi. Injini hii haina kabureta. Hutumia nozeli kama mwenzake. Petroli ya vidumu iliyochanganywa na maji au mafuta ya taa huziumiza zote mbili.

Kabla ya kutoa fedha

Herufi za namba ya usajili huonyesha gari lilisajiliwa lini nchini, si lini lilitengenezwa. Mnunuzi asome namba ya chesisi: AE110 ni Corolla ya 5A, NCP61 ni IST ya 1NZ, na NCP60 ni IST ya cc 1,298. Namba ya injini ilingane na iliyo kwenye kadi ya gari, kwani injini nyingi zimekwisha badilishwa.

Kwa 5A, mnunuzi aweke mkanda mpya mara moja bila kusikiliza maelezo ya muuzaji, kwa sababu kilomita za kwenye dashibodi huweza kurudishwa nyuma. Kwa 1NZ, injini iwashwe asubuhi ikiwa baridi. Mlio wa cheni unaoendelea baada ya sekunde chache ni sababu ya kuondoka au kushusha bei. Afungue pia kifuniko cha oili: utando mweusi mzito ni ushahidi kwamba oili haikubadilishwa kwa wakati. Baada ya kununua, atumie oili nyepesi kama 5W-30 na kuimwaga kila kilomita 5,000.

Kwa hesabu hizo, IST ya cheni humfaa anayesafirisha watu au bidhaa kila siku kwenye lami kati ya Mbamba Bay, Mbinga na Songea, mwenye fundi wa kuaminika na nidhamu ya oili. Anayeishi Liparamba na kutoka na gari siku za gulio tu hataipata faida ya mafuta aliyoilipia. Huyo atafanya vyema kuchukua Corolla ya mkanda iliyo nzima, na fedha zinazobaki aziingize kwenye bidhaa.