Wati 75 za Makutano

Mzigo ukitoka Nairobi kuja kwetu Meru kwa njia ya Embu hupita Makutano mbili. Ya kwanza ni ile njia panda ambapo barabara ya Embu huachana na ya Sagana na kushika Mwea. Ya pili ni Makutano yetu, hapa mjini Meru, yanapopita magari ya Maua. Kati ya Makutano hizo mbili kuna Embu, Runyenjes, Chuka, Nkubu na kona nyingi za kuteremkia mito na kupanda tena. Mpwa wangu anaijua barabara hiyo vizuri, ndiyo maana alipokuja kwangu na karatasi yenye orodha ya kompyuta ya gemu hakuanza na bei.

"Mjomba," aliniuliza, "kompyuta ikipakiwa kwenye buti, kadi ya grafiki haitavunjika?"

Nikamwambia kadi ichomolewe, ifungwe peke yake kwa sponji, na abiria wake aipakate. Kisha nikaomba kuiona karatasi. Alikuwa na shilingi 40,000, akiba ya miaka miwili ya kuuza mayai. Orodha aliinakili kutoka kwa video za Wamarekani: prosesa mpya, ubao mama mpya, RAM zenye taa za rangi, kasha la kioo. Jumla ilikaribia mara tatu ya pesa zake, na bado hakuwa ameandika skrini. Nilimhurumia, kwa sababu kila kitu kwenye orodha ile kilikuwa kizuri.

Tukaanza upya, na tukaanzia kwenye mashine za ofisini. Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa kwa bei nafuu nchini zilifanya kazi Ulaya kwanza. Wauzaji wa Nairobi, pale Moi Avenue na Luthuli, huziita ex-UK hata kama zilitoka Uholanzi. Kampuni hubadilisha mashine zake kila baada ya miaka michache, nyingi zikiwa bado nzima. Siku hizi kuna sababu nyingine ya kuziondoa: Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha 8. Kwa hiyo HP EliteDesk 800 G2 au Dell OptiPlex 7040 yenye Core i5-6500, prosesa ya mwaka 2015 yenye viini 4, huondolewa mezani London ikiwa na nguvu zake zote.

Mwenye kuinunua ajue anachorithi. Windows isiyopata viraka vya usalama si mahali pa kuweka nywila ya benki. Anayetaka usalama anaweza kuweka Linux na kucheza kupitia Proton, programu ambayo Valve ilianza kuitoa mwaka 2018 ili gemu za Windows zikubali kwenye Linux. Gemu nyingi hukubali. Baadhi ya zile za mashindano ya mtandaoni, Valorant ikiwa mojawapo, hukataa kabisa kwa sababu ya mfumo wake wa kuwazuia wadanganyifu.

Baada ya hapo nilimuuliza mpwa wangu swali ambalo watu wengi huliacha mwisho: utacheza kwenye skrini gani? Skrini ndiyo inayoamua kazi yote ya kadi ya grafiki. Skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Ukitaka picha 60 kila sekunde, kadi inapaka rangi pikseli zaidi ya milioni 124 kwa sekunde, na nyingi kati ya hizo hupigiwa hesabu zaidi ya mara moja kwa ajili ya mwanga, vivuli na moshi. Skrini za ofisini za inchi 22 mara nyingi huwa za 1680 kwa 1050, yaani pikseli 1,764,000. Hiyo ni kazi pungufu kwa asilimia 15, na ukiwa umekaa kwenye kiti jicho halilalamiki. Tukachagua hiyo.

Picha 60 kwa sekunde maana yake kila picha imepewa milisekunde 16.7 tu. Ndani ya muda huo prosesa inaamua mpira uko wapi, beki amegeukia upande gani, na nani ameguswa. Kisha inaiagiza kadi ichore. Viwili hivi hufanya kazi kwa kufuatana, kama chai ya Imenti: wachumaji hata wakiongezwa mara mbili, mitambo ya kiwandani isipoongezwa majani yatarundikana tu. Ikiwa prosesa inamaliza picha moja kwa milisekunde 10 na kadi inahitaji 25, utapata picha 40 kwa sekunde. Ukinunua prosesa yenye kasi maradufu, utapata zile zile 40. Hilo ndilo kosa lililokuwa kwenye karatasi ya mpwa wangu: pesa nyingi zilienda kwenye prosesa na mapambo, na kadi ikabakiziwa makombo. Kwa gemu kama EA Sports FC 24, waundaji wenyewe waliweka kiwango cha chini kuwa kadi ya GTX 1050 Ti na RAM ya GB 8. Mashine ya ofisini inafikia RAM hiyo bila shida, ila haina kadi. Kwa hiyo karibu nusu ya shilingi 40,000 ilipaswa kwenda kwenye kadi moja.

Kadi gani, sasa? Hapa ndipo ninapowasihi vijana wote wa Makutano wanisikilize, kwa sababu niliwahi kulipia somo hili.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua pawasaplai mpya katika duka moja la mjini. Iliandikwa wati 500 kwa herufi kubwa, na ilikuwa nyepesi kama mkate. Niliifunga saa kumi na mbili jioni. Kufikia saa tatu usiku nyumba ilikuwa inanuka plastiki iliyoungua. Ubao mama ulikufa, na diski ikafa nayo ikiwa na picha za harusi ya dada yangu ambazo hazikuwa mahali pengine popote. Picha hizo ninazililia hadi leo.

Baadaye ndipo nilipojifunza kuisoma lebo. Pawasaplai hutoa umeme wa aina kadhaa, lakini prosesa na kadi hunywa karibu wote kutoka kwenye laini ya volti 12. Ukitaka kujua ukweli, tafuta pale palipoandikwa 12V, chukua idadi ya ampea, uzidishe kwa 12. Yangu ilisema ampea 16. Mara 12 ni wati 192, na zile 500 za juu zilikuwa rangi tu. Uzito nao ni ushahidi: ndani ya pawasaplai ya kweli kuna mizingo ya shaba, vipande vya alumini vya kupitishia joto na kapasita nene. Kilichoachwa nje ili kupunguza gharama hakiwezi kuonekana kwenye mizani.

Mashine za ofisini zina neema hapa. Pawasaplai zake ni ndogo lakini hazisemi uongo. OptiPlex 7040 ya umbo la mnara ina wati 240 ambazo ni wati 240 kweli. Shida yake ni kwamba HP na Dell hutumia plagi zao wenyewe. Ubao mama wa HP huchukua plagi ya pini 6 mahali ambapo kompyuta ya kuunga mwenyewe huchukua pini 24, kwa hiyo huwezi kubadilisha kirahisi. Tena mashine hizo mara nyingi hazina waya wa ziada wa kulisha kadi. Kadi yako itakunywa kutoka kwenye tundu la ubao mama peke yake, na kanuni ya tundu hilo ni wati 75, basi.

Hivyo soko zima la kadi likapungua likawa majina machache. GTX 750 Ti ya 2014 hutumia wati 60. GTX 1050 Ti ya 2016 hutumia 75. GTX 1650 ya Aprili 2019 hutumia 75 pia, ina viini 896 vya kuchorea ambapo 1050 Ti ina 768, na kila kimoja kina kasi zaidi. Baadhi ya GTX 1650 zilitengenezwa na tundu la waya wa ziada, kwa hiyo omba picha ya ukingo wa kadi kabla hujatuma pesa. Tukapiga hesabu kwenye mgongo wa ile karatasi: prosesa 65, kadi 75, diski, feni, RAM na ubao wenyewe tukavipa 40. Jumla 180 kati ya 240. Pana nafasi ya kupumua. Na uchague mnara, usichukue lile kasha jembamba la kulaza, kwa maana kadi ya urefu wa kawaida haiingii humo.

Muuzaji mmoja alimshawishi mpwa wangu kwa RX 580 ya bei ya kutamanisha. Kadi hiyo ni nzuri, lakini inahitaji wati 185. Kuna mtego mwingine pia: RX 580 halisi ina viini 2,304, na ipo nyingine iliyotolewa kwa soko la China mwaka 2018 yenye 2,048, ambayo kwa hakika ni RX 570 iliyobadilishwa jina. Halafu kuna historia ya kadi zenyewe. Hadi 15 Septemba 2022 kadi kama hizi ziliwashwa usiku na mchana duniani kote kuchimba sarafu ya Ethereum. Siku hiyo Ethereum iliacha uchimbaji, na kadi kwa wingi zikamwagika kwenye soko la mitumba. Mimi sizikatai. Chipu iliyofanya kazi kwa joto lisilobadilika inaweza kuwa nzima. Feni na pesti ya kupitishia joto ndizo huchoka, na hizo hubadilishwa kwa pesa kidogo. Ninachokataa ni kununua bila kujaribu. Ziko kadi za zamani zilizoandikiwa programu ya uongo ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Programu ya bure iitwayo GPU-Z huzitambua nyingi. Iendeshe mbele ya muuzaji, kisha cheza gemu nzito kwa nusu saa ukiwa hapo hapo.

RAM ifungwe mbili mbili. Vijiti viwili vya GB 4 hufungua njia mbili kwenda kwa prosesa, kijiti kimoja cha GB 8 hufungua moja, na bei yake haitofautiani sana. Jambo hili limezidi kuwa na maana tangu bei ya RAM ilipopanda duniani mwishoni mwa 2025, vituo vya akili bandia vilipozidi kununua chipu za kumbukumbu. Diski iwe SSD, hata ndogo.

Kuhusu joto, Meru ina habari yake yenyewe. Tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Feni ikizunguka huvuta ujazo ule ule, lakini hewa iliyomo ni pungufu kwa uzito, kwa hiyo hubeba joto pungufu. Maelekezo ya kompyuta za ofisini hukutaka upunguze nyuzi 1 ya Selsiasi kwenye kiwango cha juu cha joto la chumba kwa kila mita 300 hivi unazopanda. Kwetu hiyo ni kama nyuzi 5. Lakini mlima unatulipa: hewa hupoa kwa karibu nyuzi 6.5 kila kilomita, yaani tunapata nyuzi 9 au 10 za bure. Tukitoa tulichopoteza, kompyuta ya Makutano inapumua vizuri kuliko ya Mombasa kwa nyuzi 4 au 5. Furaha hiyo huharibiwa na vumbi letu jekundu. Miezi ya kiangazi huingia kila tundu na kuvika kipoza joto blanketi. Kila miezi mitatu lipulizwe, huku umeishika feni kwa kidole isizunguke, kwa sababu feni inayozungushwa na upepo huzalisha umeme na kuurudisha kwenye ubao.

Kisha stima. Mabwawa ya mto Tana yako chini ya Embu, Gitaru peke yake ina mitambo ya megawati 225, lakini nyaya zinazopita juu ya mapaa yetu hazitupendelei kwa sababu ya ujirani. Pawasaplai nzuri ina kapasita zinazoweza kushikilia mashine kwa milisekunde 16 hivi umeme ukikatika. Nilipomwambia mpwa wangu akanyamaza, kisha akasema, "Hiyo ni picha moja, Mjomba." Ni kweli. Kapasita zinabeba kompyuta kwa muda wa picha moja ya gemu. Mkatiko mrefu kuliko huo unahitaji UPS, ambayo nilimwambia aanze kuiwekea akiba.

Mzigo ulifika Ijumaa jioni, kadi ikiwa mapajani mwa shangazi yake aliyetoka Nairobi. Tulipaka pesti mpya juu ya prosesa, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imekauka kama udongo. Kadi ilipoingia kwenye tundu ilitoa mlio mdogo wa kufunga. Saa mbili usiku alikuwa anacheza, dada zake wadogo wamejazana nyuma ya kiti. Mvua ikaanza, taa ya sebuleni ikapepesa mara moja, sote tukashtuka na kuitazama skrini. Winga wake alikuwa bado anakimbia na mpira kuelekea kona.