Folda ya mkandarasi: iweje, na ibebe nini?



Baadhi ya vijana waliopitia mafunzo ya ufundi tunayoyasaidia wameungana na kusajili kampuni ndogo za ujenzi. Wanajenga madarasa, nyumba za walimu, matangi ya maji na kumbi za vigango. Swali wanalotuletea mara kwa mara ni hili: tuchapishe folda za namna gani, zenye nembo yetu, za kuwekea mapendekezo tunayopeleka kwa wateja?

Swali hilo linaonekana dogo, lakini tumeona tulijibu hapa kwa kuwa linagusa pande tatu: mkandarasi anayelipia folda, kamati inayoipokea, na mfadhili ambaye fedha yake huamuliwa kwa karatasi zilizomo ndani.

Tulikojifunzia

Miaka michache iliyopita tulialikwa kuwa watazamaji katika kikao cha kamati ya ujenzi ya parokia moja. Mapendekezo matatu ya kuezeka ukumbi yalikuwa mezani. Mawili yalikuwa karatasi zilizoshikwa kwa pini, bila namba za kurasa wala jina la kampuni kwenye kila ukurasa. Karatasi zilipita mkono kwa mkono, pini zikafunguka, na kurasa zikachanganyika. Mwisho wa kikao pendekezo lililoonekana kuwa la bei nafuu lilikuwa limepungukiwa na ukurasa wa bati na misumari. Hakuna aliyegundua, nasi hatukugundua.

Mkataba ulisainiwa. Mbao zilipokwisha kupanda ndipo fundi aliposema bati halikuwamo katika bei iliyokubaliwa. Fundi hakudanganya, na kamati nayo haikula fedha ya mtu. Hata hivyo waumini walirudiwa kuombwa michango mara ya pili kwa paa lile lile, na wengine hadi leo wanaamini kuna aliyewaibia. Kurejesha bati ilikuwa rahisi kuliko kurejesha imani hiyo.

Tangu hapo tunawaambia makandarasi wetu kwamba kazi ya kwanza ya folda ni kushika karatasi zote pamoja, kwa mpangilio, hadi siku ya uamuzi na baada yake. Kupendeza kunakuja nyuma ya hilo.

Folda hizi ni za wateja gani?

Kwa zabuni za serikali ya Tanzania, folda haina kazi kubwa tena. Tangu mwaka 2023 ununuzi wa umma hufanyika kwa mfumo wa kielektroniki wa NeST, na nyaraka huwekwa humo. Wanaohitaji folda ni wateja wasio wa serikali: parokia, shule na zahanati za madhehebu ya dini, vyama vya ushirika, na watu binafsi wanaojenga nyumba. Huko bado mapendekezo yanaletwa kwa mkono, yanasomwa mezani, na yanatunzwa kabatini.

Ukubwa na unene

Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Folda iwe kubwa kidogo kuliko hiyo ili kingo za karatasi zisikunjike. Yenye milimita 220 kwa 310 inatosha. Kabla ya kuagiza, ipimeni na bahasha. Bahasha ya C4, ambayo ndiyo ya kawaida kwa karatasi za A4 zisizokunjwa, ina milimita 229 kwa 324. Tumeona folda nzuri, za gharama, ambazo hazikuingia kwenye bahasha yoyote ya dukani, zikaishia kufungwa kwa gazeti.

Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba. Kwa folda tumieni karatasi ngumu ya gramu 300 hadi 350. Chini ya hapo folda inalegea mkononi na mifuko yake inachanika mapema.

Kisha hesabuni karatasi zenu. Karatasi 10 za gramu 80 zina unene wa karibu milimita 1. Pendekezo lenye karatasi 40 lina milimita 4, na folda isiyo na mgongo itabaki imefumbuka kama kitabu kilicholowa. Mwombeni mchapaji aweke mikunjo miwili kwenye mgongo, yenye nafasi ya milimita 5 kati yake, na aipe mifuko nafasi hiyo hiyo. Mifuko ikiwa na kina cha milimita 90 hadi 100 karatasi hazitadondoka folda inapoinamishwa.

Rangi, plastiki na mhuri

Uchapaji wa ofseti unahitaji sahani moja kwa kila rangi, na gharama ya sahani ni ile ile mkichapa folda 50 au 5,000. Ndiyo maana ofseti ina nafuu kwa idadi kubwa tu. Kwa idadi ndogo ulizeni uchapaji wa kidijitali, usiohitaji sahani. Nembo ya rangi moja au mbili inasomeka vizuri na haimwongezei mtu gharama. Mpeni mchapaji faili halisi la nembo kutoka kwa aliyeichora. Kama ni picha, iwe na nukta 300 kwa inchi kwa ukubwa utakaochapwa. Nembo iliyonakiliwa kutoka kwenye simu hutoka na ukungu.

Ulizeni pia kama mchapaji anacho tayari kisu cha kukatia folda. Kutengeneza kisu kipya kwa umbo lenu wenyewe ni gharama ya ziada. Mkikubali umbo alilonalo mtaokoa fedha, na mteja hataona tofauti.

Wengi huagiza folda ifunikwe plastiki inayong'aa. Plastiki huzuia unyevu na vumbi, na hilo ni jema wakati wa masika. Lakini wino wa mhuri haukauki vizuri juu yake, na kalamu ya kawaida haiandiki. Kamati inapotaka kugonga mhuri wa kupokea na kuandika tarehe, inakosa mahali. Basi wekeni plastiki upande wa nje tu, na ndani muache sehemu nyeupe yenye mistari mitatu: imepokelewa na nani, tarehe, na saa.

Nembo ya nani?

Hapa tunakiri kosa letu. Tulilisaidia kundi moja la vijana kuchapa folda, na kwa kujivunia kazi yao tukaruhusu nembo ya shirika letu iwekwe chini ya nembo yao. Kamati moja ilipoiona ilidhani tumeikagua bei na kuipitisha. Haikutafuta mapendekezo mengine, wala haikumpigia simu mteja hata mmoja wa zamani. Tulipopata habari tuliiomba kamati ianze upya, na vijana wakabandika karatasi juu ya nembo yetu kwenye folda zote zilizobaki.

Folda ya mkandarasi iwe na nembo ya mkandarasi peke yake. Isiwe na nembo ya shirika, ya jimbo, ya mfadhili wala ya bodi yoyote. Usajili huthibitishwa kwa cheti na namba. Kamati ikiona nembo yetu kwenye folda ya mkandarasi, ielewe kwamba hatukuidhinisha, na itupigie simu.

Juu ya jalada andikeni vitu visivyobadilika haraka: jina la kampuni, aina ya kazi, na anwani ya posta. Daraja la usajili, majina ya viongozi na namba za simu zikae kwenye barua ndani, ambayo huchapwa upya kila mara.

Ndani ya mifuko

Folda yenye mifuko miwili ina faida moja kubwa: inatenganisha "sisi ni nani" na "tutafanya nini, kwa bei gani".

Mfuko wa kushoto ubebe nakala ya cheti cha Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB), iliyoundwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1997. Hati ya usajili wa kampuni kutoka BRELA. TIN na uthibitisho wa kulipa kodi. Leseni ya biashara. Na picha za kazi mbili au tatu zilizokamilika, pamoja na majina ya wateja waliokubali kuulizwa. Kamati itazame daraja la mkandarasi. Makandarasi wa majengo wamegawanywa katika madaraja saba, na kila daraja, isipokuwa la kwanza, lina kikomo cha thamani ya kazi moja.

Mfuko wa kulia ubebe barua, maelezo ya kazi, mchanganuo wa vifaa na gharama, ratiba, awamu za malipo, na muda ambao mkandarasi atarekebisha kasoro bila malipo. Bei iseme wazi kama ina VAT au haina. Kila ukurasa uwe na jina la kampuni na namba kama hii: "ukurasa wa 3 kati ya 14". Juu kabisa iwekwe orodha ya yaliyomo. Kama ukumbi ule ungekuwa na orodha ya namna hiyo, ukurasa wa bati usingepotea bila mtu kujua.

Folda si bahasha ya siri. Kamati ikitaka bei zilizofungwa, folda iingizwe katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri au kusainiwa juu ya kifuniko, na bahasha zote zifunguliwe siku moja mbele ya wajumbe. Ndani ya folda kusiwe na kalenda, kalamu wala "asante" ya aina yoyote. Mjumbe akiikuta, aitaje pale pale kikaoni.

Ngapi, na kwa fedha ya nani?

Kampuni inayopeleka mapendekezo manne kwa mwezi inahitaji folda 48 kwa mwaka. Kwa nini basi ichape 1,000? Anzeni na 50, mjue kasoro zake, kisha muagize tena. Kabla ya zote kuchapwa ombeni sampuli moja, ijazeni karatasi zenu zote, na muitingishe huku imeinamishwa chini. Kampuni changa inaweza kununua folda za manila za dukani na kubandika lebo iliyochapwa vizuri. Hakuna kamati yenye busara itakayoikataa kwa sababu hiyo.

Gharama ya folda ni ya mkandarasi. Isiingizwe kwenye bajeti ya mradi kwa jina la "uendeshaji". Wafadhili wetu wanachangia saruji, maji na madawati, nasi tunawahakikishia kwamba fedha yao haichapi nembo ya mtu.

Kamati nazo tunaziomba jambo moja. Mkiletewa folda tatu mezani, zitoeni karatasi zote kwanza, mzihesabu kwa kufuata orodha ya yaliyomo, na mziweke folda pembeni. Linganisheni karatasi kwa karatasi. Mkishaamua, rudisheni kila pendekezo katika folda yake, hata yale yaliyoshindwa, na mzitunze kabatini. Siku muumini au mfadhili atakapouliza kwa nini mlimchagua huyu na si yule, jibu litakuwa pale.

Kamati au kundi la mafundi linalotaka kuona sampuli za folda na mfano wa orodha ya yaliyomo linakaribishwa ofisini kwetu siku yoyote ya kazi.